Mimi Si Kiziwi

Mwaka ule wa bei nzuri nilinunua kipaza sauti,
mdomo mpana kama ua la boga,
nikakifunga kwenye kerieri kwa mpira wa tairi
nikaipita Kitangari nyumba kwa nyumba.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu
na uhakika wa mzee wa miaka mia.

Nikasimama uani kwa Somoe binti Likwata.
Alikuwa chini, miguu kainyosha, anachambua korosho,
nzuri huku, mbovu kule,
na mimi juu ya kichwa chake nachambua watu
vivyo hivyo.

Hakunifukuza.
Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati.
Nanyi mjue, huku juu Makondeni maji hununuliwa;
kiangazi, anayekupa kikombe
amekipunguza chungu chake.
"Umekauka koo, mwanangu. Kunywa.
Kisha kaa, useme taratibu.
Mimi si kiziwi."

Nikanywa. Nikakaa.
Maneno yote yalikuwa yamebaki kwenye betri.

Usiku ule kitanda kilikuwa na miiba.
Yule ninayemtangaza
alikaa kisimani, kachoka, jua la utosi,
akaanza kwa kuomba maji
kwa mwanamke asiye wa kwao.
Mimi mbona nilianza kwa kudai roho?

Imani sikuiacha. Niliacha kelele.
"Eustaki kapoa," wakasema kigangoni,
na katekista Bonifasi akanishika bega:
"Umeogopa?"
Sikuwa na jibu la kumpa, nilikuwa na kiu tu.

Ramadhani ilipoingia nikahamishia jiko nyuma ya nyumba
harufu ya ming'oko isivuke ua.
Alipofiwa na Chande wake nilishika jembe,
kitabu nikakiacha nyumbani.
Siku tatu mkekani, kimya, natia kuni motoni.
Kuna aliyeninong'oneza: sasa moyo wake laini, sema naye.
Nikamwambia, msiba wa mtu
si mlango ulioachwa wazi.

Msimu wa tatu nikawekwa karani wa mizani.
Gunia la Somoe likasoma themanini na moja.
Mwenzangu akanikonyeza: sabini na nane.
Ndiyo desturi, kilo tatu za chai.
Nikaandika themanini na moja,
na tangu siku ile pale ghalani
nakunywa chai yangu peke yangu.

Habari Kitangari haihitaji kipaza.
Jioni akaja, kasimama mlangoni, ungo kwapani.
"Eustaki. Nani kakufundisha?"

Miaka mitatu nilikuwa nimelingoja swali hilo,
na lilipokuja, magoti yalilegea.
Nikamwambia, maneno ya kujaza kikombe kimoja.
Jina nililitaja mara moja,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Alisikiliza.
Naye akanieleza anavyoamka alfajiri,
anachomwambia Mungu kabla jogoo hajawika,
na mwanawe wa Nanyamba anayemtaja kila sijida.
Nikasikiliza. Nilijikuta, kwa mara ya kwanza,
sitafuti pa kumkatizia.

"Nimesikia," akasema.
Basi. Akaondoka na ungo wake.

Mnaniuliza, kabatizwa? Umevuna wangapi?
Mimi ni karani, uzito naujua kuandika;
mzani wa hayo sikukabidhiwa.

Kipaza kipo bandani. Kuku ametagia humo,
mayai saba, nimeyahesabu jana.
Matatu nimempelekea Somoe.
"Na haya nayo mahubiri?" akauliza.
Tukacheka mpaka jirani akachungulia.
Kisha akaingia ndani,
nikasikia kata ikigonga ukingo wa mtungi.